Mashine ya Pauni 449 na Kaseti za Kotile

Chombo nitakachokizungumza leo hakina jina la Kiswahili lililokubaliwa, na si ajabu, kwani hata wenye kukitumia si wengi pwani yetu. Ni kijisanduku chenye ukubwa wa pakiti ya sigara, na vingine ni vidogo kuliko kidole gumba, kinachokaa baina ya simu na hedifoni. Ndani yake mna kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza, kwani wimbo uliomo katika simu si wimbo bali ni tarakimu tupu, na sikio la binadamu halisikii tarakimu. Hazina budi kugeuzwa ziwe umeme unaopanda na kushuka. Ya pili ni kuukuza umeme huo upate nguvu ya kuvitikisa viwambo vya hedifoni. Hii ya pili mafundi wetu wa taarabu waliijua zamani wakaiita amplifaya, na hakuna haja ya kuibadili. Ya kwanza mimi nitaiita kigeuzi, na atakayeleta neno zuri zaidi nitalipokea kwa mikono miwili.

Simu nyingi hapo zamani zilikuwa na vyote viwili ndani yake, na tundu la kuchomekea. Mwezi wa Septemba 2016 Apple wakatoa iPhone 7 isiyo na tundu, na wengi wakawafuata. Tangu hapo mwenye simu ya namna hiyo anayetaka kusikiliza kwa waya hana budi kutumia kigeuzi cha nje, na hapo ndipo biashara ilipoingia, kwa kuwa bei zake zinaanzia dola 9 zikapanda hadi mamia na maelfu. Je, mtu apande mpaka wapi?

Swali hili sikuulizwa Mombasa wala Nairobi. Niliulizwa Kotile, mji mdogo wa Ijara katika kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa mto Tana, huko kwenye njia ya kwenda Masalani. Msomaji wa mjini huenda amelisikia jina hilo kwa sababu ya hirola, yule swala aliye hatarini kutoweka, kwani hifadhi yake ya Ishaqbini ni ya watu wa Hara, Korisa na Kotile. Nalikwenda kumzuru rafiki yangu wa miaka mingi, mzee aliyefanya biashara ya ng'ombe tangu ujana mpaka magoti yalipomwambia basi. Mwanawe mmoja yuko Doha, naye ni mpenzi mkubwa wa muziki. Alipopata habari kwamba mimi ni mgeni wao akapiga simu.

"Adeer," akaniambia, maana hivyo ndivyo kijana wa Kisomali amwitavyo mtu wa rika la ami yake, "nataka kumpelekea baba kitu cha kusikilizia nyimbo zake kwa heshima. Nimekiona cha Chord, nimekiona cha iFi, nimeviona na vile vijiwaya vya dola chache. Wewe ndiye mtu wa taarabu. Nichagulie."

Kabla ya kumjibu nikaomba nionyeshwe hizo nyimbo. Likatolewa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kaseti 61. Nyingi zilikuwa nyimbo za qaraami, za mapenzi na udi, zilizonaswa kutoka Redio Mogadishu kwa mkono wa mtu aliyekaa karibu na redio akisubiri mtangazaji anyamaze. Chache zilikuwa taarabu za Mombasa zenye chapa ya Mbwana Radio Service, na miongoni mwake Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2014. Na kaseti 11 hazikuwa na muziki wa redio wala wa dukani. Zilikuwa barua.

Msomaji kijana pengine hajui kwamba kwa miaka mingi Wasomali waliandikiana kwa kaseti. Mtu aliyekuwa Jidda, au Nairobi, au Minneapolis, alitia maneno yake katika kanda akampa msafiri, na huku nyumbani jamaa wakakusanyika wakamsikiliza, kisha wakajibu upande wa pili. Ni desturi iliyowafaa watu wanaoithamini sauti kuliko wino. Katika zile 11 moja ni ya marehemu mke wa rafiki yangu, aliyompelekea mumewe miaka miwili ile alipokuwa akifanya kazi Jidda. Anatoa habari za mvua, za ng'ombe waliozaa na waliokufa, za jirani fulani na deni lake. Kisha mtoto analia, naye bila ya kuizima mashine anamwimbia mpaka analala. Mtoto huyo ndiye aliyenipigia simu kutoka Doha.

Novemba 2023 Tana ilipofurika, sanduku hilo liliwekwa juu ya kitanda, na kitanda kikawekwa juu ya meza.

Sasa tukirudi kwenye chombo, hebu tukitazame bila ya kuvutwa na matangazo. Chord Electronics ni kampuni ya Uingereza, na kigeuzi chake cha mfukoni kiitwacho Mojo kilitoka 2015, kikafuatiwa na Mojo 2 mwezi wa Januari 2022 kwa bei ya pauni 449. Mhandisi wake, Rob Watts, hatumii chipu ya kigeuzi inunuliwayo sokoni kama wafanyavyo wengi. Hutumia chipu tupu inayoweza kupangwa upya, akaandika mwenyewe namna ya kuzigeuza tarakimu. iFi, nao ni Waingereza, walitoa xDSD Gryphon kwa dola 599, chenye kioo kidogo cha kusomea na uwezo wa kupokea kwa Bluetooth. Na FiiO wa Guangzhou, kampuni iliyoanza 2007, wamejaza soko kwa vya bei ya katikati na ya chini. Chini kabisa kuna kile kijiwaya cha Apple cha dola 9, ambacho ndani ya plagi yake mna kigeuzi kamili na amplifaya yake. Ni kazi nzuri kupita bei yake, ila katika baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka hafifu.

Mimi Mojo 2 nimeisikiliza kwa rafiki yangu wa Mombasa aliye na uwezo, kwa udi wa Zein l'Abdin, na sitasema uongo: ni raha. Unausikia ukucha unapouacha uzi. Lakini nilimwomba rafiki yangu tukisikilize na kijiwaya cha dola 9 kwa hedifoni ile ile, na kwa sauti iliyosawazishwa. Hili la kusawazisha ndilo kubwa, msomaji wangu, ushike. Sikio letu likipewa sauti mbili zilizo sawa kwa kila kitu, moja ikawa juu kwa kiasi kidogo tu, husema ile ya juu ni tamu zaidi, ni safi zaidi, ina uhai. Halisemi iko juu. Muuza duka anayelijua hili hahitaji kusema uongo. Huzungusha tu kitufe kidogo anapokupa kile cha bei kubwa. Tulipozisawazisha, tofauti ikapungua mno mpaka tukaanza kubishana kama ipo.

Na hatukuwa wa kwanza kubishana. Mwaka 2007, Meyer na Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti huko Marekani matokeo ya majaribio yao. Waliwapa watu santuri zenye tarakimu nyingi kupita zile za CD, kisha wakaipitisha sauti hiyo hiyo katika kigeuzi cha kiwango cha CD, wakawauliza ipi ni ipi. Majibu ya sawa yalikuwa karibu nusu kwa nusu, kama mtu anayerusha sarafu. Kiwango cha CD, kilichoingia sokoni 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hivyo hubeba mitetemo mpaka 22,050 kwa sekunde. Sikio la mtoto mwenye afya hukoma kwenye 20,000, na sisi tuliovuka hamsini hukoma chini zaidi. Kutoka ukimya wake mpaka ukelele wake mna desibeli kama 96.

Kaseti je? Utepe wake ni mwembamba kuliko ukanda wa saa, haufiki milimita 4, nao hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Philips walipoitoa 1963 hawakuikusudia kwa muziki. Baina ya mvumo wake, ile "shhh" tunayoijua sote, na sauti yake ya juu kabisa mna desibeli 50 au 60 tu. Basi mtu aliyeinakili kaseti ya Redio Mogadishu katika simu akaisikiliza kwa mashine ya pauni 449, amenunua ndoo ya lita 96 achotee kisima chenye lita 60. Ndoo haina kosa. Maji ndiyo hayo.

Asije mtu akanishika shati kwamba ninawadharau wenye vyombo vizuri. Mashine ya bei kubwa inanunua jambo la kweli, nalo ni nguvu pamoja na ukimya. Hedifoni hazilingani. Zile ndogo za kutia ndani ya sikio huwa na ukinzani wa omu 16 au 32, na simu yoyote yazitosha. Lakini ukichukua Sennheiser HD 600, iliyotoka 1997 na mpaka leo inapendwa na mafundi, hiyo ni omu 300 na inataka volti nyingi zaidi; ukiichomeka katika kijiwaya utaipata sauti nyembamba, ngoma zimerudi nyuma. Hapo Mojo au Gryphon huonyesha kazi. Kwa upande wa pili zile ndogo zenye ukali mno huusikia hata mvumo wa amplifaya yenyewe, na hapo mashine iliyotengenezwa vizuri hukaa kimya kabisa. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni sikio na hedifoni zake. Kijana wa Doha aliponiambia kwamba baba yake atatumia hedifoni nyepesi za omu 32, kwa sababu nzito zinamuumiza kichwa, nusu ya hesabu ilikuwa imekwisha.

Nusu iliyobaki ni Kotile yenyewe. Umeme wa nyumba ile unatoka kwenye jua. Mojo 2 hukaa na chaji kwa saa nane hivi, nayo hupata joto inapofanya kazi. Mchana wa Ijara sina hamu ya kukishika kitu cha chuma chenye joto lake mwenyewe. Kijiwaya hakina betri, hula kidogo katika simu basi. Tena Mojo haina kioo cha kusomea. Vitufe vyake ni vipira vinne vinavyobadilika rangi, na rangi ndiyo inayokwambia sauti iko wapi. Kwa kijana ni pambo. Mzee mwenye mtoto wa jicho atajuaje kwamba ameipandisha mpaka kuliumiza sikio lake? Na sikio likiumia halirudi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, ukizidisha ukali upunguze saa.

Mna pia ufundi katika Mojo 2 wa kuchanganya kidogo sauti ya kushoto na ya kulia ili msikilizaji ahisi kama yuko mbele ya spika. Ni ufundi mzuri kwa santuri za kisasa. Lakini barua ya mke imenaswa kwa maikrofoni moja, kushoto ni sawa na kulia. Utachanganya nini na nini?

Nikamwambia kijana: fedha hizo zipo, sawa, lakini zisianzie masikioni. Zianzie kwenye sanduku. Kaseti hazingoji. Gundi hulegea, utepe hujikunja, na zile za dakika 120, zilizotengenezwa kwa utepe mwembamba mno, hunyooka kama mpira wa suruali. Wenzetu wa Hargeysa wameliona hili mapema. Serikali ya Siad Barre ilipoupiga mji ule kwa mabomu 1988, kanda za redio zilikuwa zimefichwa, nyingine zikafukiwa ardhini, nyingine zikavushwa mipaka. Leo Redsea Cultural Foundation pale pale Hargeysa inahifadhi kanda zaidi ya elfu kumi, na nyimbo za hazina hiyo zilitolewa na Ostinato Records katika santuri ya "Sweet as Broken Dates" mwaka 2017, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Dunia haikuzisikia nyimbo hizo kwa ajili ya vigeuzi vya bei. Ilizisikia kwa sababu mtu alichimba shimo.

Mzee alikataa katakata kaseti zake kusafiri. "Zimeniogopesha na maji, sitaki zinitishe na basi," alisema. Basi ikasafiri deki. Kijana akatuma fedha, nikatafuta Mombasa deki ya mtumba iliyo nzito, fundi akaitia mikanda mipya ya mpira, nikaipandisha basi kwa njia ya Garissa pamoja na kinasa-sauti kidogo cha dijitali. Binti wa mzee, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeifanya kazi, nami nikikaa pembeni.

Kazi yenyewe si ngumu ila inataka subira. Hedi husafishwa kwa pamba na spiriti baada ya kila kaseti chache, maana vumbi la kahawia la kanda kuukuu hung'ang'ania. Kisha kuna skrubu ndogo kando ya hedi, na hii ndiyo siri ambayo watu wengi hawaijui: kila mashine iliyonasa kaseti ilikuwa na mwinamo wake wa hedi, na deki yako isipoinamishwa vivyo hivyo sauti hutoka kama mtu anayezungumza nyuma ya blanketi. Kwa bisibisi nyembamba unaigeuza taratibu, robo ya robo, mpaka herufi "s" zinasikika kali. Robo ile ya bisibisi, naapa, iliongeza uzuri wa sauti kupita kigeuzi chochote nilichopata kukisikia. Kinasa-sauti tulikiweka kwenye biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, kama wanavyoshauri wahifadhi wa sauti wa kimataifa. Najua nimesema sikio haliusikii wingi huo. Wa kusikiliza hauhitaji; wa kuhifadhi unauhitaji, kwa sababu nakala itasafishwa na kurekebishwa kesho na kesho kutwa, na nguo ya kukatwa huachiwa pindo. Nakala ni tatu: moja Kotile, moja Doha, moja kwangu.

Kaseti ya barua ile ilikuwa na taabu mbili. Kwanza kipande cha sufi kinachoukandamiza utepe kwenye hedi kilikuwa kimebanduka. Binti akafungua skrubu tano, akavihamisha vigurudumu viwili na utepe wake katika ganda la kaseti nyingine nzima, vidole vyake vikitetemeka. Pili, mashine iliyonasa ilikuwa inakwenda kwa betri, na betri zilikuwa zikiisha. Betri zikiisha mashine hunasa polepole; ukija kuicheza kwa mwendo wa sawa, sauti hukimbia na kupanda. Mwanzo wa barua anasema mwanamke wa miaka thelathini. Ikifika kwenye wimbo wa kumlaza mtoto, anaimba msichana wa miaka kumi na miwili.

Tukaiacha nakala ya kwanza kama ilivyo, isiguswe. Ya pili tukaitia katika kompyuta ya shule tuurudishe mwendo. Lakini urudi mpaka wapi? Hapakuwa na ala ya kupimia, hapakuwa na noti tunayoijua. Palikuwa na mzee, amevaa hedifoni zake nyepesi kupitia kijiwaya cha dola 9, amefumba macho. Binti anashusha, anamtazama. "Bado." Anashusha. "Bado, huyo ni dada yake." Anashusha asilimia moja nyingine. Mzee hakusema kitu, akainua mkono.

Kaseti 23 zimekwisha nakiliwa, 38 bado. Kijana wa Doha hajaikata tamaa mashine yake ya pauni 449, na karibuni alinipigia tena kuniambia kwamba amegundua ina matundu mawili ya hedifoni, kwa hiyo baba na shangazi wanaweza kusikiliza pamoja. Hoja nzuri kuliko zote nilizozisoma katika matangazo. Nimemwambia kuna waya wa kugawa unaouzwa Garissa kwa shilingi chache, aanze na huo.

Shangazi mwenyewe, alipoulizwa, alisema wao wanataka spika.